Kuuliza na Kuomba: Maana na Asili ya Neno la Kiingereza "Ask"

Mhubiri anayetayarisha hotuba yake kwa msaada wa vitabu vya Kiingereza hukutana kila mara na neno dogo, ask. Neno hili hubeba maana mbili ambazo lugha yetu imezitenga: kuuliza, yaani kutaka jibu, na kuomba, yaani kutaka kupewa. Kwa kawaida muktadha hutuonyesha ni maana ipi iliyokusudiwa. Lakini yapo mafungu ya Maandiko ambamo uchaguzi huo unagusa fundisho lenyewe. Kwa hiyo yafaa tulichunguze neno hili.

Asili ya neno

Ask ni neno la Kiingereza tangu mwanzo. Halikupokewa kutoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa, kama pray. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa kwa namna mbili, ascian na acsian. Namna ya pili ilidumu karne nyingi, hata Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535 inaandika axe katika Mt 7:7. Basi wale watamkao aks leo, hasa miongoni mwa Wamarekani Weusi na watu wa visiwa vya Karibi, husahihishwa kana kwamba wameharibu lugha, kumbe wamehifadhi matamshi yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja.

Wataalamu wa lugha hulirudisha neno hili kwenye shina la kale lenye maana ya kutafuta au kutamani. Ndugu yake katika Kirusi, iskat', hata leo humaanisha kutafuta. Aulizaye hutafuta neno, aombaye hutafuta kitu. Wote wawili wanakiri kwamba wamepungukiwa. Tena neno la Kijerumani fragen, kuuliza, na neno la Kilatini precari, kuomba, ambalo ndilo asili ya pray, yametoka katika shina moja. Kuuliza na kusali ni jamaa wa tangu zamani.

Lugha za Biblia

Kiebrania nacho huziunganisha maana hizi mbili katika kitenzi sha'al. Katika 1 Sam 1 mwandishi anakirudia kitenzi hicho anaposimulia jinsi Hana alivyomwomba Bwana mtoto. Jina la Sauli latokana na shina hilo hilo, maana yake "aliyeombwa". Kiarabu kina shina lile lile, na kutoka huko sisi tumepokea swali na kusaili. Katika Kiarabu sa'il ni mwulizaji, naye pia ni maskini aombaye sadaka.

Kiyunani cha Agano Jipya kina vitenzi viwili vikuu. Aiteo kwa kawaida ni kuomba. Erotao kwanza ni kuuliza, lakini hutumika pia kwa kuomba, kama katika Yn 4:40 na 17:9. Hapo ndipo ugumu wa Yn 16:23 unapotokea. Tafsiri ya King James ya mwaka 1611 inaweka ask katika sehemu zote mbili za mstari huo. Msomaji wa Kiingereza peke yake aweza kudhani kwamba Yesu anakataza kuombwa Yeye mwenyewe, hali katika 14:14, kama Union Version inavyosoma, anaahidi kuwatendea wamwombao. Lakini Kiyunani kinatumia erotao kwanza, kisha aiteo. Luther alitafsiri fragen, kisha bitten. Nao watafsiri wa Union Version ya mwaka 1952 waliweka kuuliza, kisha kuomba. Muktadha unawaunga mkono: katika mstari wa 19 wanafunzi wanataka kumwuliza, na katika mstari wa 30 wanakiri kwamba hana haja ya kuulizwa na mtu.

Hata hivyo tusizidishe tofauti hiyo. R. C. Trench alifundisha kwamba aiteo ni ombi la mdogo kwa mkubwa wake. Lakini katika Kum 10:12 Septuaginta inatumia kitenzi hicho hicho kwa Mungu anapowataka Israeli wamche na kumpenda. Maana ya neno huamuliwa na matumizi yake, si na kanuni iliyotungwa juu yake.

Matumizi ya kichungaji

Kwa kuwa Kiswahili kimetenga kuuliza na kuomba, twaweza kuingia katika kosa jingine: kudhani kwamba kuomba ni imani, na kuuliza ni uasi. Msibani mjane akisema, "Kwa nini, Bwana?" mara nyingi hunyamazishwa upesi kwa maneno, "Kazi ya Mungu haina makosa." Maneno hayo ni kweli, lakini yakisemwa ili kumziba kinywa yanamnyima sala yake. Zaburi ya 13 inaanza kwa maswali, na ombi linafuata katika mstari wa 3 tu. Ayubu aliuliza kwa uchungu. Naye Mungu alipohukumu (Ayu 42:7), aliwakemea rafiki waliomtetea Mungu, akamthibitisha aliyeuliza. Na Mwana mwenyewe, katika Mk 15:34, alimlilia Mungu kwa swali.

Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 nayo haikuyatenga mambo haya. Mtoto anafundishwa maombi saba ya Sala ya Bwana, na baada ya kila ombi swali linaulizwa juu ya maana yake. Tunaotumwa kulifundisha Kanisa hatuna budi kuyahifadhi yote mawili. Mchungaji aketipo na mfiwa asiwe na haraka ya kujibu swali lisiloelekezwa kwake. Na alisikilize kama sala, aliombe pamoja naye, na kumwachia jibu Yeye aliyeulizwa.