Fantasy: usimnunue mchezaji kwa mabao ya wiki jana

Kila Ijumaa jioni makundi ya WhatsApp ya mameneja wa Fantasy, mchezo wa kuunda timu yako ya wachezaji wa Ligi Kuu ya England, huwaka moto: nani auzwe, nani anunuliwe, nani apewe unahodha. Jina linalotajwa zaidi huwa la yule aliyefunga mawili wiki iliyopita. Hapo ndipo wengi tunapozichoma pauni milioni 100 za bajeti ya mchezo.

Badala ya mabao, tazama mabao tarajiwa, maarufu kama xG, ambayo hupima ubora wa kila nafasi ya kufunga. Kila shuti hulinganishwa na maelfu ya mashuti yaliyowahi kupigwa kutoka mahali kama hapo, kwa pembe kama hiyo, kwa mguu au kwa kichwa. Penalti hupewa takriban 0.78, yaani uwezekano wa asilimia 78 wa kuwa bao. Shuti la mita 30 mara nyingi halifiki hata 0.05. Kwa hiyo fowadi aliyekosa nafasi tatu safi ndani ya kumi na nane ananivutia kuliko aliyefunga kombora moja la mbali, kwa sababu yeye anafika panapofungwa.

Mtazame Son Heung-min. Msimu wa 2021/22 aliifungia Tottenham mabao 23 bila penalti hata moja, akagawana kiatu cha dhahabu na Mohamed Salah. xG yake ilikuwa chini sana ya idadi hiyo. Son ni mmaliziaji wa kweli, kulia na kushoto, na kwa miaka mingi alikuwa akiizidi xG yake. Ila kuizidi kwa kiasi kile ni vigumu mno kurudia. Msimu uliofuata bei yake kwenye Fantasy ilikuwa milioni 12, watu wakamgombea. Akafunga 10.

Penalti zihesabiwe kando. Cole Palmer alifunga mabao 22 msimu wa 2023/24, na 9 kati ya hayo yalikuwa ya penalti. Pointi ni zile zile, lakini mchezaji wa namna hiyo akinyang'anywa mpira wa penalti, thamani yake inashuka siku hiyo hiyo. Kumbuka pia kwamba bao la kiungo lina pointi 5 na la fowadi 4. xG zikilingana, mchukue kiungo.

Takwimu za xG zimo ndani ya mchezo wenyewe tangu msimu wa 2022/23, bila malipo. Wikendi hii fungua ukurasa wa mchezaji unayemtaka, usome mechi zake sita za mwisho badala ya moja. Dirisha la kubadilisha wachezaji hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza.