Fimbo na Ngoma Ndani ya Kanisa la Uhabeshi

Aliyewahi kuhudhuria Maulidi ya Lamu bila shaka amelishuhudia goma la fimbo: wanaume waliovaa kanzu na kofia, wamejipanga safu, bakora mikononi, wakiyumba pole pole kama mashua iliyotia nanga. Mtu huyo na afike Lalibela, kaskazini mwa Ethiopia, katika Krismasi ya huko ambayo huangukia Januari 7. Atakuta safu za watu wazima waliovaa mashuka meupe na vilemba vyeupe, kila mmoja na fimbo yake, wakiinama na kuinuka kwa pamoja. Atadhani yuko kwao, mpaka auone msalaba.

Watu hao huitwa debtera. Wao si makasisi, bali ni wanazuoni wa kanisa, na kazi yao ni kuimba na kucheza mbele za Mungu. Elimu yao huchukua miaka mingi. Nyimbo zote ni za lugha ya Ge'ez, ambayo hapana mtu aisemaye nyumbani, nao huzihifadhi moyoni kama mwanachuo wetu anavyohifadhi Kurani. Kila hatua ya mguu na kila mwinamo wa fimbo una mahali pake. Mtu hajiingilii tu akacheza kwa kuwa ngoma imemnogea.

Fimbo yenyewe ilianza kwa haja. Ibada za Wahabeshi huchukua saa nyingi, na desturi yao ni kusimama; basi mtu huegemea fimbo yenye kichwa kipana. Mkono wa pili hushika njuga ya chuma iitwayo tsenatsil. Ngoma yao ni kebero, yenye nyuso mbili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Husema kwamba nyuso hizo ni Agano la Kale na Agano Jipya, na kanda za ngozi zilizoizunguka ni alama za mijeledi ambayo, kwa itikadi yao, Isa alipigwa.

Mwanzilishi wa nyimbo hizo, kwa masimulizi yao, ni Yared wa Aksum, aliyeishi karne ya 6. Yasimuliwa kwamba siku moja aliimba mbele ya Mfalme Gebre Meskel, na mfalme akazama katika sauti hata mkuki wake ukamchoma Yared mguuni. Mwimbaji hakusikia maumivu wala mfalme hakuona damu, mpaka wimbo ulipokwisha.

Hoja yao ya kucheza ni Daudi, ambaye katika kitabu chao alicheza mbele ya Sanduku la Agano. Kila kanisa lao lina kibao kitakatifu kiitwacho tabot, mfano wa lile sanduku. Neno hilo si geni kwa aliyesoma kisa cha Taluti katika Suratul Baqara. Januari 19, sikukuu ya Timkat, wanapokumbuka Isa alivyobatizwa na Yahya, kibao hicho hufunikwa vitambaa vya thamani, hubebwa kichwani na kasisi hadi penye maji, na debtera hucheza katika msafara wake. UNESCO iliiandikisha sikukuu hiyo mwaka 2019 katika urithi wa utamaduni wa ulimwengu.

Wamisionari wa Kizungu walioleta Ukristo hapa Pwani katika karne ya 19 hawakuitaka ngoma kanisani; waliiona ni ya kishenzi. Roma nayo ilikawia hadi mwaka 1988 kuidhinisha misa ya Zaire, ambamo kasisi huizunguka altare akicheza. Uhabeshi haukungoja ruhusa ya mtu.

Kwetu pia mambo haya hayajatulia. Matari ya Habib Swaleh katika msikiti wa Riyadha yalizua maneno, na hata leo wako wasemao ni bidaa. Sina elimu ya kutoa fatwa. Lakini Hadithi ya Bukhari yajulikana: Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume, Bibi Aisha akiwatazama, na Umar alipotaka kuwazuia, Mtume alimwambia awaache.

Wanawake wa Lalibela hawamo katika safu za fimbo. Wao husimama pembeni, wakipiga makofi na vigelegele.