Faida Ipo, Fedha Hakuna: Yanayosomwa Kwenye MBA

Chukua mfano wa mzabuni wa sare za shule aliyepata oda ya shilingi milioni 30. Kitambaa, mafundi na usafiri vinamgharimu milioni 24, vyote taslimu. Shule zitamlipa baada ya siku 90. Mwezi wa pili inaingia oda nyingine kama hiyo, wa tatu nyingine tena, naye anazipokea zote kwa furaha. Kufikia hapo ameshatoa milioni 72 na hajatia mfukoni hata senti, ingawa vitabu vyake vinaonyesha faida ya milioni 18. Mafundi hawalipwi kwa faida ya vitabuni.

Hesabu ya aina hii humkuta mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, yaani MBA, mapema kabisa, kwenye somo la uhasibu. Hafundishwi kutunza vitabu. Kazi hiyo ina wenyewe. Anafundishwa kusoma mizania, taarifa ya faida na hasara na taarifa ya mtiririko wa fedha kwa pamoja, na kuuliza kwa nini haziimbi wimbo mmoja. Atakayetoka chuoni na ujuzi huo peke yake, ada yake haijaenda bure.

Somo la fedha linaendelea pale pale, safari hii kwa kuingiza muda. Shilingi milioni moja itakayopokelewa baada ya miaka kumi, ikipimwa kwa kiwango cha asilimia 12 kwa mwaka, leo ina thamani ya takriban shilingi 322,000. Kiwango kikipanda hadi asilimia 20, inabaki kama 161,500. Kanuni yenyewe ni nyepesi, hata kikokotoo cha simu kinaimudu. Kazi ni kutetea kiwango ulichokichagua, kwa sababu kiwanda kile kile kinaweza kuonekana mgodi wa dhahabu au shimo la kufukia mtaji, kutegemea namba moja ambayo mtu ameikadiria tu.

Masomo mengine ya mwaka wa kwanza yanajulikana: uchumi, takwimu, masoko, sheria za biashara, usimamizi wa watu, mkakati. Mpangilio huo una historia yake. Harvard ilipoanza kutoa MBA mwaka 1908, ilikuwa na wanafunzi 80 tu, na wengi hawakuwa na uhakika kama biashara ni taaluma ya kufundishwa chuo kikuu. Mwaka 1919 Wallace Donham, aliyesomea sheria, akawa mkuu wa shule ya biashara ya Harvard. Wanasheria walikuwa wakifundishwa kwa kuchambua kesi zilizokwisha kuamuliwa. Yeye akataka wafanyabiashara nao wasome visa vya kampuni halisi. Kisa cha kwanza kilichoandikwa rasmi, cha mwaka 1921, kilihusu kampuni ya viatu. Mkondo wa pili ulikuja mwaka 1959, pale ripoti mbili zilizogharamiwa na mifuko ya Ford na Carnegie zilipozikosoa shule za biashara za Marekani kwamba zinafundisha uzoefu wa mtaani bila sayansi. Hesabu, takwimu na saikolojia zikaingia kwa kishindo, na bado zipo.

Somo ambalo watu wa nje hawalitarajii ni uendeshaji. Humo ndimo ulimo mchezo wa bia uliobuniwa chuo cha MIT na kundi la Jay Forrester. Wanafunzi wanne wanakuwa mnyororo: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja anaona oda za jirani yake tu, na mzigo huchukua wiki kadhaa kufika. Wateja wananunua kreti nne kwa wiki. Ghafla wanaanza kununua nane, na hapo hawabadiliki tena hadi mwisho. Basi, hakuna kingine kilichotokea. Lakini muuza rejareja akiishiwa anaagiza zaidi, mzigo ukichelewa anaagiza tena, na anayefuata naye anatia chumvi yake. Kiwanda kinajikuta na oda kubwa mno, kisha mzigo wote unafika kwa pamoja na bia inajaa stoo bila mnunuzi. Wakiulizwa wateja walikuwa wakinunua vipi, wachezaji wa kiwandani kwa kawaida huchora mawimbi makubwa. Wanapoonyeshwa mstari ulionyooka kwenye nane, hawaamini. Hakuna mzembe aliyeharibu. Ucheleweshaji na kutoonana vimetosha.

Afrika Mashariki imeuchangia ulimwengu wa visa vya darasani kisa kizuri kuliko vingi: M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Safaricom iliizindua Kenya Machi 2007, lakini majaribio ya mwaka 2005 yalilenga wakopaji wa taasisi ya Faulu, walipe marejesho yao kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Mwanafunzi wa masoko anaona hapo kampuni ikibadili bidhaa baada ya kutazama watu wanavyoitumia. Wa uendeshaji anaona tatizo la wakala: mjini watu wanaweka pesa ili watume, kwa hiyo wakala anaishiwa floti, yaani salio la kielektroniki; kijijini wanatoa, naye anaishiwa taslimu. Bila mtu wa kusafirisha noti kila siku, mtandao wote unakwama, hata teknolojia iwe safi vipi. Kisa kimoja, na kila somo lina swali lake juu yake.

Hata hivyo, visa vina udhaifu. Mwanafunzi anaamua jambo kwa kurasa 20, anabishana kwa dakika 80, kisha anakwenda kula, matokeo hayamgusi. Jeffrey Skilling alikuwa na MBA ya Harvard, na kampuni aliyoiongoza, Enron, ilifilisika mwaka 2001 katika kashfa ya mahesabu. Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 2004, akidai kwamba uongozi haufundishiki kwa vijana ambao hawajawahi kuongoza. Tangu mwaka 1996 yeye na wenzake wameendesha programu inayopokea mameneja walio kazini tu, wanaokuja darasani na matatizo ya ofisi zao na kurudi nayo.

Kwa kipimo hicho, darasa la jioni la Dar es Salaam au Nairobi, ambalo mara nyingi huhesabiwa duni kwa sababu wanafunzi wake wanafika wamechoka, lina kitu ambacho madarasa mengi ya ng'ambo hayana. Ofisa mikopo aliyekataa ombi la mkopo saa nne asubuhi anakaa kiti jirani na mfanyabiashara aliyekataliwa, mwalimu anaandika ubaoni milioni 30, milioni 24, siku 90, na wawili hao hawakubaliani.