Uunganishaji wa nyaya za redio ya gari

Uunganishaji wa nyaya za redio ya gari ni kazi ya kufunga redio mpya mahali pa ile iliyotoka na gari kiwandani, na kuiunganisha na umeme wa gari, spika na antena. Njia salama ya kuifanya ni kutokata waya wowote wa gari. Kati ya plagi ya gari na redio mpya huwekwa adapta, yaani kifungu kifupi cha nyaya ambacho upande mmoja kina soketi inayoingiliana na plagi ya gari, na upande wa pili kina ncha za kuungwa na nyaya za redio.

Sababu za kubadilisha redio

Katika Afrika Mashariki kazi hii ni ya kawaida, kwa kuwa magari mengi huagizwa yakiwa yametumika Japani. Huko matangazo ya FM yalipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, baadaye yakaongezwa hadi 95. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia takriban 88 hadi 108. Redio iliyokuja na gari hushika vituo vichache tu vya mwanzo, na maandishi yake mara nyingi ni ya Kijapani. Wapo wanaofunga kigeuza masafa, kifaa kidogo kinachokaa kwenye waya wa antena na kushusha masafa ya vituo hadi redio iweze kuyapokea. Wengine huona afadhali wanunue redio mpya, na hapo ndipo mkasi huingia.

Plagi ya kiwandani ikishakatwa, redio ya awali hairudi tena kwa urahisi. Kila fundi anayefuata hukata kidogo zaidi, nyaya zinafupika ndani ya dashibodi, na mwenye gari wa tatu hukuta rundo la ncha zilizofungwa tepu ambazo hakuna ajuaye ni za nini. Si kwamba mafundi hawajui. Adapta inataka kununuliwa, na mkasi umo mfukoni tayari.

Rangi za nyaya

Redio nyingi za madukani hufuata mpango mmoja wa rangi. Waya wa njano ni umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, unaotunza saa na vituo vilivyohifadhiwa. Mwekundu ni umeme unaokuja pale ufunguo unapozungushwa hadi ACC. Mweusi ni ethi, yaani unaokwenda kwenye bodi ya gari. Wa bluu huinua antena ya umeme, na wa bluu wenye mstari mweupe huwasha amplifaya. Kwa upande wa spika, mweupe ni mbele kushoto, wa kijivu mbele kulia, wa kijani nyuma kushoto na wa zambarau nyuma kulia. Kila mmoja una mwenzake wa rangi hiyohiyo wenye mstari mweusi, ambao ni hasi.

Rangi hizo ni za redio, si za gari. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000, umeme wa kudumu umo kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, ule wa ACC ni wa kijivu, na ethi ni kahawia. Waya mweusi wa gari hilo ni chanya ya spika ya nyuma kushoto na wa njano ni hasi yake, na mwekundu ni wa spika ya nyuma kulia. Sasa mtu aunge rangi kwa rangi: mweusi kwa mweusi, mwekundu kwa mwekundu, njano kwa njano. Nyaya zote tatu za kuipa redio umeme atakuwa amezipeleka kwenye spika, na redio haitawaka. Hilo bado ni jambo dogo. Waya wa kijivu wa redio, ambao ni wa spika, umeungwa na wa kijivu wa gari wenye volti 12. Ufunguo ukizungushwa, volti hizo huingia kwenye sakiti ya sauti kwa kinyume, na redio mpya huweza kuungua kabla haijaimba hata mara moja.

Adapta iliyotengenezwa kwa aina na mwaka wa gari huondoa tatizo hilo, kwa sababu nyaya zake zimepangwa kulingana na nafasi za plagi ya gari huku rangi zake zikifuata zile za redio. Hapo kuunga rangi kwa rangi kunakuwa sahihi.

Magari mengi ya Ulaya hutumia plagi za kiwango cha ISO 10487. Hata humo pana mtego: nafasi ya 4 ni ya umeme wa kudumu na ya 7 ni ya ACC, lakini katika Volkswagen nyingi zimebadilishana. Dalili yake ni redio kusahau vituo kila gari linapozimwa. Redio nyingi huwa na viungo vya kuchomeka kwenye waya wa njano na mwekundu ili ziweze kupishanishwa bila kukata. Kuunga zote mbili kwenye umeme wa kudumu si dawa. Redio ikiendelea kuvuta nusu ampea tu, betri ya ampea-saa 45 itakuwa tupu kwa saa 90, na gari litakataa kuwaka mapema kuliko hapo.

Kazi yenyewe

Kwanza hufunguliwa ncha ya hasi ya betri. Magari yenye mifuko ya hewa hutaka kusubiri kidogo baada ya hapo. Toyota huelekeza angalau sekunde 90. Nyaya na plagi za mifuko hiyo kwa kawaida huwa na kifuniko cha njano. Zisiguswe, wala zisipimwe kwa mita, na wala zisichanganywe na ule waya wa njano wa redio.

Kisha adapta na nyaya za redio huungwa mezani, nje ya gari. Hii ndiyo faida kubwa ya njia hii: viungo vyote hufanywa penye mwanga, na kosa likitokea kinachoharibika ni kipande kinachonunuliwa tena. Viungo vilehemewe, au vibanwe kwa vishikizo vya chuma na koleo lake, kila kimoja kikifunikwa kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Kusokota nyaya na kuzifunga tepu hakutoshi. Gari lililoegeshwa juani huchemka ndani, gundi ya tepu huyeyuka, na kiungo hubaki uchi.

Wengi hudhani fyuzi itawaokoa. Fyuzi hulinda dhidi ya mkondo kupita kiasi, kama nyaya zikipiga shoti. Haijui lolote kuhusu kiungo kilicholegea. Chukua kiungo chenye ukinzani wa omu 0.2 kinachopitisha ampea 10. Joto lake ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani wati 20, karibu sawa na pasi ndogo ya kulehemu iliyowashwa na kusahaulika nyuma ya dashibodi. Fyuzi ya ampea 15 iliyoko mgongoni mwa redio haitakatika.

Nyaya za hasi za spika zisiungwe na bodi ya gari wala zenyewe kwa zenyewe. Katika redio za siku hizi pande zote mbili za spika zina volti, karibu nusu ya zile za betri, hivyo kugusisha hasi na bodi ni kupiga shoti.

Adapta isipopatikana

Kwa Toyota na Nissan adapta hupatikana kwa urahisi. Kwa magari yasiyo ya kawaida huenda isipatikane, na hapo inawezekana kuitengeneza: soketi hung'olewa kwenye bodi ya redio mbovu ya gari la aina hiyo na kulehemewa nyaya. Kila nafasi ya plagi hupimwa kwa mita ya umeme kupitia nyuma yake, bila kutoboa plastiki ya waya. Wakati wa kupima umeme, betri hurudishwa kwa muda na redio zote zikiwa zimechomolewa. Nafasi yenye volti 12 hata ufunguo ukitolewa ni ya kudumu. Inayozipata kwenye ACC tu ni ya ACC. Inayozipata taa zikiwashwa ni ya kumulika vitufe.

Spika hutambuliwa betri ikiwa imefunguliwa tena, kwa kutumia betri ya tochi ya volti 1.5. Ikigusishwa kidogo kwenye nyaya mbili za spika, husikika mlio mfupi. Bamba la spika likisogea nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Chanya na hasi zikipishana kwenye spika moja, redio itaimba lakini besi itapungua. Gari lenye amplifaya ya kiwandani lisipimwe hivi, kwani nyaya hizo haziendi kwenye spika moja kwa moja.

Vibanio vya plastiki vinavyobanwa juu ya waya mzima na kuutoboa kwa wembe wake vinauzwa bei rahisi. Hukata baadhi ya nyuzi za ndani, na hulegea kwa mtikisiko wa barabara mbovu.

Baada ya kuunga

Kabla ya kurudisha kava, redio huwashwa na kila spika husikilizwa peke yake, gari huzimwa na kuwashwa tena ili kuona kama vituo vimebaki, na taa huwashwa. Nyaya zilizobaki bila kazi hufunikwa ncha moja moja. Nafasi ya Toyota nyingi ina upana wa milimita 200 wakati redio za kawaida zina 180, kwa hiyo fremu ya kuziba pembeni hununuliwa pamoja na adapta. Redio ya zamani na skrubu zake huhifadhiwa, kwani mnunuzi wa gari anaweza kuitaka.