Kutoka Goma hadi Mowlem: barabara tupu ndiyo ilimtisha

Ukiishi Mowlem unaijua Komarock Road saa kumi na mbili jioni. Matatu inapanda kando ya barabara, bodaboda zinapenya katikati, mkokoteni uko mbele yako na makanga anagonga bodi akitaka upishe. Sasa hebu endesha gari hapo ukiwa umezoea kukaa upande wa kulia.

Jirani yetu mmoja, dereva wa pikapu ya mboga, alitoka Goma. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha kulia. Kenya, Uganda na Tanzania kushoto. Goma nako si kimya, chukudu na pikipiki hung'ang'ania lami. Kwa hivyo fujo zetu hazikumshtua. Kwenye jam, anasema, unafuata tu mwenye yuko mbele.

Kilichomtoa jasho ni saa kumi na moja alfajiri, akielekea Outering. Hakukuwa na gari hata moja. Aliposhika kona, mikono ilimpeleka kulia yenyewe, mara taa za matatu zikawa zinamjia usoni. Alikata ghafla akaishia mtaroni, sukuma wiki ikamwagika. Matusi aliyopata siku hiyo, hata mimi mzaliwa wa hapa mengine sikuwa nimeyasikia.

Raundabauti bado zinamsumbua, maana kwao magari huzunguka kinyume. Siku hizi hufunga kitambaa chekundu mkono wa kushoto. Wateja humuuliza kama ni shabiki wa Arsenal. Hucheka, anautazama mkono, ndipo anawasha injini.