KOTI LA MKONO NA HESABU YAKE
Kazi ya Wanawake wa Kaskazini ya Kanada

Katika nchi ya Kanada, upande wa kaskazini kabisa, liko jimbo la Nunavut, lililoundwa tarehe 1 Aprili, 1999. Wenyeji wake wengi ni Wainuit. Wakati wa baridi bahari huko huganda hata watu wakapita juu yake, na asiye na koti la kufaa huhatarisha maisha yake. Kwa sababu hiyo mwanamke ajuaye kushona makoti ana heshima kubwa.

Zamani makoti hayo yalishonwa kwa ngozi za caribou, mnyama wa baridi mwenye pembe za matawi. Unywele wake una hewa ndani, nayo huzuia joto la mwili lisitoke. Mtu alivaa makoti mawili: la ndani manyoya yakielekea mwilini, la nje manyoya yakielekea nje. Uzi ulikuwa ukano wa mgongo wa mnyama yule yule. Koti la mama, liitwalo amauti, lina mfuko mpana mgongoni wa kubebea mtoto, kama akina mama wa Afrika wabebavyo watoto kwa kanga.

Siku hizi wengi hutumia cherehani, sufu nzito ndani na kitambaa kisichopitisha upepo nje. Kazi hufanyika nyumbani, na ugumu wake si kushona tu, bali ni kuhesabu pia. Hakuna barabara iunganishayo miji ya Nunavut na kusini. Vitambaa na zipu huletwa kwa ndege, au kwa meli barafu ikiyeyuka. Mshonaji akiweka bei kwa kuhesabu kitambaa peke yake, akasahau gharama ya kusafirisha mizigo na siku zake za kazi, atauza makoti mengi na kubaki maskini.

Iko hasara nyingine, nayo ni kuigwa. Mwaka 2015 kampuni moja ya London ilitoa sweta yenye nakshi za koti la mganga mmoja wa Kiinuit wa zamani. Jamaa zake walipolalamika, kampuni iliomba radhi ikaacha kuiuza. Pauktuutit, chama cha wanawake wa Kiinuit, kimetetea kwa miaka mingi haki ya washonaji juu ya mitindo yao. Mwaka 2019 kampuni kubwa ya makoti nchini humo, Canada Goose, iliwaagiza washonaji 14 wa Kiinuit, kila mmoja akashona kwa mtindo wake mwenyewe.

Basi, fundi yeyote, awe wa makoti, vikapu au viatu, aweza kujifunza hapa. Ustadi wa mikono ni mali. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari.