Altenateri ya okazio: kuingia si kufaa

Taa nyekundu ya batri inawaka ku tabulo, kesho yake motokari haidemare, na mekanisye anasema: altenateri imekufa. Mpya iko bei kali, basi mwenye motokari anaenda kwa wauza piesi za okazio. Kule jibu ni moja kwa kila mtu: "Papa, hii inaingia!" Na kweli, mara nyingi inaingia. Lakini piesi inaweza kukaa vizuri mahali pake, kisha ikaunguza batri, ao, mbaya zaidi, ikakuacha bila freni.

Kwanza hakikisha kama ni altenateri yenyewe iliyo mgonjwa. Kurua iliyolegea, ao vichwa vya batri vyenye kutu, vinaweza kuleta taa ile ile. Kama ni altenateri kweli, iondoe na uende nayo mukononi. Usiende na jina la motokari peke yake: Corolla mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na motere tofauti. Weka ya zamani na ya okazio kando kando, kisha linganisha.

Plaki. Soma voliti na ampere. Motokari ndogo zinatumia voliti 12, malori mengi 24. Lakini angalia: Land Cruiser na Coaster za mazutu zilizotoka Japani, nyingi ziko na 24, wakati zinazofanana nazo za masoko mengine ziko na 12. Ukifunga ya 24 mu motokari ya 12, batri inachemka na taa zinaungua. Ampere zisipungue zile za zamani. Zikizidi si kitu, kwa sababu motokari inavuta tu kile inachohitaji. Kwa Toyota, namba ya altenateri inaanza na 27060. Ikilingana yote mpaka mwisho, kazi imekuwa nyepesi.

Matundu na puli. Matundu ya bulo yakae pale pale. Hesabu mistari ya puli: ya 5 haichukui kurua ya 6. Puli isimame sawa na ile ya motere. Ikienda kando kidogo tu, kurua italia na kukatika mu njia. Wakikuambia "tutaweka rondeli", acha.

Fishi. Toyota nyingi ziko na waya mmoja munene wa kwenda ku batri, na fishi ya waya tatu: IG inaleta umeme wa kontakti, S inapima batri, L inawasha taa ya ku tabulo. Fishi zikiwa na sura mbalimbali, usikubali wakate waya na kuzisokota. Mu motokari za siku hizi, kompyuta ya motere ndiyo inaamuru altenateri. Hapo tafuta namba ile ile tu.

Sasa, wenye Hiace na Hilux za mazutu, sikieni vizuri. Motere ya esansi inavuta hewa yenyewe, na mvuto ule unasaidia freni. Motere ya mazutu haina mvuto wa kutosha, ndiyo maana 2L na 3L ziko na pompi nyuma ya altenateri, yenye mipira ya mafuta na mupira wa kwenda ku freni. Altenateri isiyo na pompi itachaji bila shida, taa nyekundu itazima, kila mtu atafurahi. Siku ya kushuka mulima na watu ndani, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Pompi iwepo, na isivuje mafuta.

Mbele ya kulipa, zungusha puli kwa mukono: ikikwaruza, rulema zimekwisha. Kisha omba waifunge na kupima na multimetri. Motere ikizunguka, batri ya 12 isome karibu 13,5 mpaka 14,5; washa taa zote, isishuke chini ya 13. Kwa 24, isome karibu 27 mpaka 28,5. Na mekanisye asitoe kichwa cha batri wakati motere inazunguka, eti "anajaribu". Namna ile inaua regilateri na kompyuta.

Mwisho, bei ikishaelewana, omba karatasi: tarehe, namba ya piesi, na siku ngapi unaweza kuirudisha. Muuzaji mwenye kuamini piesi yake hatakataa kuandika. Akikataa, beba ya zamani yako na uende ku duka ya pili.